Mgongo Uliofundishwa Kuogopa

Kaka yangu alikuwa ameshika kalamu juu ya karatasi lakini haandiki. Tulikaa kwenye benchi la kusubiria, kliniki ya fiziotherapia, na karatasi aliyopewa ilikuwa na sentensi 17. Mbele ya kila sentensi kulikuwa na visanduku vinne, kuanzia "sikubaliani kabisa" hadi "nakubaliana kabisa". Sentensi ya kwanza iliuliza kama anaogopa kujiumiza akifanya mazoezi. Nyingine, chini kidogo, ilisema kwamba kujihadhari na miondoko isiyo ya lazima ndiyo njia salama kuliko zote ya kuzuia maumivu yasizidi.

Akanigeuzia karatasi.

"Mdogo wangu, hebu nisaidie. Daktari kanikataza kuinama. Nikiweka nakubali, nimeonekana mwoga. Nikiweka sikubali, daktari anakuwa muongo. Niweke wapi?"

Nilikosa la kusema. Akaweka "nakubaliana kabisa", akairudisha. Mtaalamu alipomaliza kujumlisha alimweleza, kwa upole kwa kweli, kwamba alama zake ziko juu na kwamba hofu ya mjongeo, yaani hofu ya kusogeza mwili, ni sehemu ya tatizo lake. Kaka akaitikia "sawa", akanyamaza mpaka tunatoka.

Swali lake limenikaa kichwani kwa wiki nyingi. Mtu anayefuata alichoambiwa na daktari, ni mwoga au ni mtiifu? Na kama ni mtiifu, kwa nini karatasi ile haina kisanduku cha utiifu?

Nikaanza kusoma.

## Ilikotoka karatasi

Wanaougua mgongo zamani walilazwa. Kisha mwaka 1986 Richard Deyo na wenzake wakachapisha, katika jarida la tiba la New England Journal of Medicine, utafiti wa wagonjwa 203 waliogawanywa kwa bahati nasibu: wengine waliagizwa kupumzika kitandani siku mbili, wengine siku saba. Wale wa siku mbili walikosa kazi kwa siku chache zaidi, pungufu kwa asilimia 45, na katika mambo mengine yote hapakuwa na tofauti. Mwaka 1995 Wafini wakaenda mbele zaidi. Wafanyakazi wa Helsinki waliopatwa na maumivu ya ghafla ya mgongo waligawanywa makundi matatu: kitanda, mazoezi maalumu, na kuendelea na shughuli za kawaida kadiri maumivu yanavyoruhusu. Kundi la tatu ndilo lililopona haraka.

Hapo swali likageuka. Kama kuendelea na maisha ndiyo dawa, kwa nini wengine hawaendelei?

Majibu yalikuwa yameshaanza kuandikwa. Mwaka 1983 kikundi cha watafiti wa Uingereza kilipendekeza kwamba mtu mwenye maumivu husimama njia panda, akabiliane nayo au ayakimbie, na kwamba ni hofu inayoamua aende wapi. Mwaka 1990 Kori, Miller na Todd wa Marekani wakaipa hali hiyo jina, kinesiofobia, wakaieleza kuwa ni hofu ya mjongeo iliyopita kiasi, isiyo na mantiki, inayomlemaza mtu kwa kuhisi kwamba mwili wake ni rahisi kuumia. Dodoso lao likabeba jina la mji wa Tampa, Florida. Ndilo alilojaza kaka. Alama za chini kabisa ni 17, za juu 68, na mara nyingi anayepita 37 huhesabiwa kuwa na hofu kubwa.

Nilirudia maneno yale mara kadhaa: isiyo na mantiki. Kumbuka hapo dodoso halimuulizi mtu aliambiwa nini, na nani, wala akionyeshwa picha gani.

## Duara, na mishale yake

Mwaka 2000 Johan Vlaeyen na Steven Linton walikusanya ushahidi uliokuwepo na kuuweka kwenye mchoro ambao leo unafundishwa kila mahali. Unaumia. Unalifikiria jambo kwa ubaya wake wote: mgongo umekwisha, nitaishia kwenye kiti cha magurudumu. Unaogopa. Unaacha kuinama, kubeba, kucheza na watoto. Mwili unalegea, moyo unasononeka, na maumivu yanapata nafasi zaidi. Unarudi ulipoanzia.

Mchoro ni mzuri mno. Unaposoma unajiona, unamwona jirani, unamwona shangazi ambaye huketi akiwa ameegemea mito mitatu. Na takwimu zinauunga mkono: mapitio yaliyochapishwa mwaka 2019 na Luque-Suarez na wenzake yalikusanya tafiti 63 zenye washiriki zaidi ya 10,000, yakakuta uhusiano thabiti. Hofu ikiwa kubwa, maumivu huwa makali zaidi na ulemavu huwa mkubwa zaidi.

Ila nyingi ya tafiti hizo zilimpima mtu mara moja tu. Zinaonyesha hofu na maumivu vikiwa chumba kimoja. Nani alimfungulia mwenzake mlango, hazisemi. Mtu anayeumia sana ana kila sababu ya kuogopa sana, na hilo halihitaji mchoro.

Mshale mwingine ulionisumbua ni ule wa kulegea mwili. Nilikuwa nauchukulia kama jambo lililokwisha. Kumbe watafiti walipopima kwa vifaa jinsi watu wenye maumivu sugu ya mgongo wanavyojishughulisha kutwa nzima, kwa watu wazima wa umri wa kazi hawakupata ushahidi wa uhakika kwamba wanafanya kidogo kuliko wengine. Shughuli zao zilitofautiana zaidi katika jinsi zilivyopangwa kwa siku.

Nilipofika hapo nilitaka kuitupilia mbali nadharia nzima. Kitu kimoja kilinizuia: nilikuwa nimemwona kaka akiokota kalamu.

Hakuacha kuiokota. Aliiokota, ila alishuka akiwa amebana pumzi, mgongo umenyooka kama ubao, mkono mmoja gotini. Ukihesabu miondoko yake kwa kifaa, ile ni moja kama ya mtu mwingine yeyote. Mwaka 2013 Karayannis na wenzake nchini Australia walionyesha kwamba wenye maumivu ya mgongo na hofu kubwa ya mjongeo wana kiwiliwili kilichokakamaa zaidi. Hofu inaonekana kukaa kwenye namna ya kusogea kuliko kwenye kiasi. Misuli inayolinda kutwa nzima inachoka na kuuma, na maumivu yale yanasomwa na mwenye mwili kama uthibitisho kwamba kuna kitu kimeharibika.

## Aliyeumwa na nyoka

Tafiti zilizonishika zaidi zilifanyiwa watu wasioumwa chochote.

Katika chuo kikuu cha Leuven, Ubelgiji, Ann Meulders na wenzake waliwakalisha watu wenye afya mbele ya kishikio kama kile cha michezo ya kompyuta. Wakisukuma upande mmoja, wanapata mshtuko wa umeme wenye kuuma mkononi. Wakisukuma upande mwingine, hakuna kitu. Haikuchukua muda. Watu walieleza kwamba wanauogopa upande ule, na hata macho yao yalisema hivyo: mlio wa ghafla ulipopigwa, walipepesa kwa nguvu zaidi walipokuwa wakielekea kwenye umeme. Utafiti huo wa mwaka 2011 ulikuwa na kundi la pili, ambalo lilipata umeme bila mpangilio, usiofungamana na upande wowote. Kwa hao hofu haikushika mwondoko mmoja. Ilihamia kwenye hali nzima ya kukaa pale.

Baadaye wakaonyesha jambo ambalo wahenga walilijua bila maabara: aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Miondoko iliyofanana na ule wa umeme, ambayo yenyewe haikuwahi kuuma hata mara moja, nayo iliogopwa, na ile iliyofanana zaidi iliogopwa zaidi.

Sioni ukosefu wa mantiki hapo. Naona kiumbe kinachojifunza haraka kwa sababu gharama ya kuchelewa ni kubwa. Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake, na katika siku za kwanza baada ya kuumia kweli hilo ni jema. Shida inaanza pale hatari inapokwisha na hakuna anayemwonyesha kunguru kwamba imekwisha. Na hawezi kugundua mwenyewe, kwa sababu harudi pale. Anayekwepa kila mwondoko unaofanana na ule uliomuumiza hapati kamwe nafasi ya kuona kwamba siku hizi hauumizi, au unaumiza kidogo tu.

## Unaogopa nini hasa?

Mwaka 2015 Samantha Bunzli na wenzake, Australia, walifanya kitu cha kawaida kabisa ambacho kilikuwa kimekawia: waliwachukua watu 36 wenye maumivu sugu ya mgongo na alama za juu kwenye hofu, wakaketi nao wakawasikiliza.

Walikuta kuna makundi mawili yaliyofichwa ndani ya alama zilezile.

Wa kwanza waliamini kuna kitu ndani kinachoweza kuvunjika, kuchomoka, au kubana neva. Kwao kuinama ni kujiharibu. Wa pili hawakuamini hivyo. Walijua mgongo hautavunjika. Walichoogopa ni maumivu yenyewe na hasara yake: nikipalilia leo sitalala usiku, nisipolala sitakwenda kazini, nisipokwenda kazini nitasema nini. Hofu ya namna hiyo haiondolewi kwa kumwambia mtu kwamba mgongo wake ni imara. Analijua hilo tayari.

Na walipoulizwa walikotoa imani zao, majibu yalirudi kwenye mambo yanayoeleweka: maumivu yasiyotabirika, uchunguzi uliotoa majibu ya kutisha au usiotoa jibu lolote, na maneno ya wataalamu. Kwa macho yao walikuwa wanafanya linalofaa kwa habari walizokuwa nazo.

Hapo ndipo swali la kaka lilipopata uzito kwangu. Alikuwa ameuliza kwa utani nusu, lakini aligusa dosari ya kipimo. Utafiti mwingine, wa Thomas Matheve na wenzake wa mwaka 2019 nchini Ubelgiji, unaigusa kwa upande mwingine: alama za jumla za hofu hazikutabiri jinsi mtu atakavyokunja kiuno akiinua kitu. Kilichotabiri ni kumuuliza kuhusu kitendo kile kile, kuinua kile kile. Hofu ina anwani. Mtu anaweza kuendesha baiskeli bila wasiwasi na kutetemeka mbele ya ndoo.

## Picha kwenye mwanga

Kaka alipigwa MRI, picha ya ndani ya mwili. Jina la hospitali halina maana hapa. Daktari aliinua picha, akaweka kalamu juu ya pingili mbili za chini na kusema diski, zile mito laini zilizo kati ya pingili, zimechakaa. "Umri wako na mgongo wako havilingani. Usiiname, usibebe." Dakika chache tu, mgonjwa mwingine akaitwa.

Sasa angalia hili. Mwaka 2015 Brinjikji na wenzake walikusanya tafiti zilizowapiga picha watu 3,110 ambao hawakuwa na maumivu ya mgongo kabisa. Kwa wenye umri wa miaka 20, asilimia 37 walikuwa na dalili za diski kuchakaa. Kwa wenye miaka 80, asilimia 96. Diski iliyovimba kwa nje ilionekana kwa asilimia 30 ya vijana wale na asilimia 84 ya wazee wale. Hawa ni watu wasioumwa.

Kuna picha zinazookoa maisha, sipingi. Mwenye maumivu ya mgongo anayeshindwa kuzuia mkojo, au anayekufa ganzi sehemu za siri, au aliyeanguka vibaya, au mwenye homa na kupungua uzito, asisome blogu, aende hospitali leo. Lakini wengi wanaotoka na neno "kuchakaa" mfukoni hawamo katika orodha hiyo.

Je, neno linaweza kuuma? Mwaka 2007 Lorimer Moseley na Arnoud Arntz waliwagusa watu mkononi kwa chuma chenye baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri, muda mfupi tu. Wakati wa kugusa, taa iliwaka, mara nyekundu, mara ya buluu. Chuma ni kilekile. Chini ya taa nyekundu, rangi ambayo watu huihusisha na moto na hatari, waliumia zaidi.

Nilimsimulia kaka jaribio hili kwenye simu. Akakasirika kidogo. "Kwa hiyo unasema najitungia?" Nikamwambia hapana, na bado nasema hapana. Wale watu waliumia kweli. Maumivu yote hutengenezwa na mfumo wa fahamu ukikadiria hatari, na habari za hatari huingia humo pamoja na baridi, shinikizo na uvimbe. Daktari aliyeshika picha ile alikuwa amemwashia kaka taa nyekundu, na tangu hapo hakuna aliyeizima.

## Kuinama ukiwa na shahidi

Tiba iliyotokana na nadharia hii inaitwa kukabili hatua kwa hatua, na inapofanywa vizuri haifanani na nasaha. Mtu huoneshwa picha za shughuli za kila siku: kupiga deki, kubeba kapu, kuruka chini kutoka kwenye kingo. Anazipanga kwa kiwango cha 0 hadi 100, kwa jinsi anavyodhani zitamdhuru. Kisha anaanza na za chini. Kabla ya kufanya anatamka wazi anachotarajia: "nikiinama mara tano, nitashikwa nishindwe kunyanyuka." Mtaalamu anatangulia kuonyesha. Mgonjwa anafanya. Wanatazama kilichotokea.

Kiini chake ni kule kutamka. Anayeinama bila kutabiri akatoka salama anaweza kusema alibahatika. Aliyetabiri mabaya na yasitokee ana mgogoro na imani yake mwenyewe, na mgogoro huo hauna mtu wa kumlaumu.

Natamani ningeishia hapo, lakini matokeo hayana utukufu huo wote. Mwaka 2008 Maaike Leeuw na wenzake, Uholanzi, walilinganisha tiba hii na mpango wa kawaida wa kuongeza shughuli kidogo kidogo, kwa wagonjwa 85. Ile ya kukabili ilipunguza zaidi mawazo ya kutisha na dhana ya madhara. Katika ulemavu wenyewe, haikuishinda nyingine kwa tofauti ya kuaminika. Hofu ilishuka zaidi, lakini maisha hayakufunguka kwa kiasi hichohicho. Kwa watu wa kundi la pili la Bunzli, wale wanaoogopa usiku mbaya na siku ya kazi iliyopotea, sishangai.

Ushahidi ulionipa moyo zaidi ni wa mwaka 2023, uliochapishwa katika jarida la tiba la Lancet. Peter Kent, Peter O'Sullivan na wenzao waliwafuatilia Waaustralia 492 wenye maumivu sugu ya mgongo. Waliopewa tiba ya kuunganisha fikra na utendaji walihudhuria vikao vichache, saba hivi, na kimoja cha kukumbushia. Walipewa maelezo ya maumivu yao kwa hadithi yao wenyewe, wakafundishwa kusogea bila kukakamaa wala kubana pumzi katika vitendo vilevile vilivyowashinda, na wakasaidiwa kupanga usingizi na shughuli. Baada ya mwaka mmoja bado walikuwa mbele ya waliopata matibabu ya kawaida, na kwa tofauti kubwa kuliko ilivyozoeleka katika tafiti za mgongo. Baadhi yao walipewa pia vipimo vya miondoko yao kutoka kwenye vihisio walivyovaa. Havikuongeza kitu cha maana.

Tiba hiyo inashughulikia hofu, ila haianzi kwa kumhukumu mtu kuwa nayo. Inaanza kwa kumuuliza ilikuwaje.

## Hofu ya upande wa pili wa meza

Mapitio ya Ben Darlow na wenzake ya mwaka 2012 yalikuta kwamba wataalamu wa afya ambao wenyewe wanauogopa mgongo ndio wanaoelekea zaidi kuwashauri wagonjwa wapunguze kazi na shughuli. Na imani za mtaalamu zilihusiana na imani za mgonjwa wake. Utafiti wake mwingine, wa mahojiano huko New Zealand, uliwakuta watu wanaoishi bado na sentensi waliyoambiwa na mtaalamu miaka mingi nyuma, wakiipangia maisha.

Basi hofu inaweza kupimwa pande zote mbili za meza. Jimbo moja lilijaribu kuigusa kwa jumla. Jimbo la Victoria, Australia, lilirusha matangazo ya televisheni kati ya 1997 na 1999 yakiwaambia watu waendelee na shughuli zao mgongo unapouma, wasilale. Rachelle Buchbinder na wenzake walilinganisha na jimbo jirani ambalo halikurusha kitu. Imani za wananchi zilibadilika, za madaktari zilibadilika, na madai ya fidia ya mgongo yalipungua kwa zaidi ya asilimia 15. Miaka mitatu baada ya matangazo kuzimwa, imani za wananchi zilikuwa bado hazijarudi zilikotoka.

Scotland, Norway na jimbo la Alberta nchini Kanada nao wakaendesha kampeni zao. Watu walibadilisha walau kidogo wanachoamini kuhusu mgongo. Kukosa kazi hakukupungua. Nadhani sehemu ya sababu iko kwenye yale waliyosema watu wa kundi la pili la Bunzli: ukiondoa hofu ya mgongo kuvunjika, bado kuna bosi anayetaka tani zilezile kwa saa zilezile, na hilo halipo kwenye sentensi yoyote kati ya zile 17.